Neno Lililokwama Mdomoni mwa Nyakio

Mwezi wa Julai, Dagoretti huamka ndani ya ukungu. Ng'ombe wanaopelekwa machinjioni husikika kabla ya kuonekana. Kwanza unasikia kwato. Halafu unasikia pumzi. Mwishowe pembe zinatokeza kwenye ukungu, zinatembea zenyewe kama matawi yaliyong'olewa.

Nyakio alikuwa ameizoea hali hiyo. Alikuwa na kibanda cha supu karibu na lango la machinjio. Kila asubuhi alinunua vichwa vya mbuzi. Alivibabua juu ya makaa mpaka manyoya yakaisha, akavikwangua kwa kisu, akaviosha kwa maji moto. Kisha alivipanga mezani kabla ya kuvitia sufuriani. Vichwa hivyo vilikuwa na sura za ajabu. Kimoja kilikuwa kama kinacheka upande mmoja. Kingine kilifumba jicho moja, na kwa lile jingine kikamtazama kila apitaye.

Lakini kabla ya kazi, Nyakio alimnywesha uji binti yake Ciru, mtoto wa miaka minne. Uji wa wimbi ukipoa kidogo hufanya ngozi juu yake. Ciru aliipenda sana ngozi hiyo.

"Puliza, mami. Puliza mpaka uji ukunje uso!"

Nyakio alikaza midomo, akapuliza polepole. Ngozi ya uji ikajikunja kama paji la uso la mzee aliyekasirika. Ciru akacheka, ndipo akanywa.

Jumanne moja Nyakio aliamka na maumivu nyuma ya sikio la kulia. Alidhani amelala vibaya. Akafunga kitambaa kichwani, akaenda kazini.

Siku hiyo mambo madogo yalianza kwenda kombo. Alipoonja supu, upande mmoja wa ulimi haukusikia chochote ila ladha ya bati. Akaongeza chumvi. Akaonja tena. Akaongeza tena. Ogutu, mchinjaji aliyekuwa mteja wake wa kila siku, alikunywa kijiko kimoja akakitema.

"Mama Ciru! Leo umeamua kutuua? Hii ni supu ama ni bahari?"

Watu wakacheka. Nyakio naye akacheka, lakini moyoni hakuwa na raha. Muda si muda ng'ombe mmoja alilia. Sauti ile ikaingia katika sikio lake la kulia kana kwamba ng'ombe yumo ndani ya kichwa. Aligeuka upesi. Nyuma yake hapakuwa na kitu. Ng'ombe walikuwa mbali, ng'ambo ya ua, na hakuna mtu mwingine aliyeshtuka.

Asubuhi iliyofuata alimimina uji wa Ciru kama kawaida.

"Puliza, mami."

Nyakio akakaza midomo. Pumzi haikwenda kwenye uji. Ilitoka pembeni, *fyuuu*, kama upepo unaopenya chini ya mlango. Akajaribu tena. Mate yakamtiririka kidevuni. Ciru aliinua macho, akamtazama mama yake usoni. Kikombe kikamponyoka.

"Huyu si mami," akasema kwa sauti ndogo. Akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. "Huyu si mami!"

Mbuthia, mume wa Nyakio, alikuwa akivaa viatu ili aende Kileleshwa, ambako alikuwa mtunzaji wa jengo la ghorofa. Alikuja mbio na kiatu kimoja mguuni.

"Nini tena? Hebu nione. Nyakio... hebu funga macho."

Nyakio akafunga macho. Ndivyo alivyofikiri. Jicho la kushoto likafumba. La kulia likabaki wazi. Kisha ile sehemu nyeusi ya jicho ikapanda juu, ikapotea chini ya ukope. Ukabaki weupe mtupu unaomtazama Mbuthia.

Mbuthia akarudi nyuma, akaangusha sufuria.

Nyakio alichukua kioo kidogo kilichoning'inia msumarini. Nusu ya uso ilikuwa yake. Nusu nyingine ilikuwa imelegea, laini, haina hata mkunjo mmoja. Mdomo ulikuwa umevutwa kwenda kushoto. Alikuwa ameuona uso kama huo mara nyingi. Alikuwa ameuona mezani pake, kati ya vichwa.

Wakati huo mlango ulibishwa. Alikuwa mama mkwe wake, Cucu Wanjiru, yaani bibi yake Ciru, aliyekaa nyumba ya pili katika ploti hiyo hiyo. Kila asubuhi alipita kuwajulia hali kabla ya kwenda kwenye maombi. Na kila asubuhi salamu yake ilikuwa moja.

"Bwana asifiwe!"

"Hwana asihiwe," akajibu Nyakio.

Cucu Wanjiru akasimama. "Umesema nini?"

"Hwana... Hwana asihi..."

"Sema vizuri, Nyakio. Sema Bwana."

"Hwana."

Nyakio aliona hofu ikipanda usoni mwa mama mkwe wake. Akatafuta mtu wa kumshika, akamnyooshea mtoto mkono.

"Ciru," akaita. "Ciru, njoo."

Jina hilo lilitoka safi kabisa, kama kengele. Na hapo ndipo Cucu Wanjiru alipopiga ukemi.

"Mmesikia? Kitu kilichomwingia kinalijua jina la mtoto! Jina la Bwana kinalikataa, lakini la mtoto kinalijua!" Akamnyakua Ciru, akamfunika kwa shali. "Huyu mtoto ana jina langu mimi. Ukimwita Ciru, ambalo ni Wanjiru kwa kifupi, umeniita mimi. Mbuthia, sikiliza. Mjukuu wangu hatalala nyumba moja na kitu kisichoweza kulitaja jina la Bwana. Siku nitakayomsikia mama yake akilitaja, siku hiyo nitamrudisha."

"Mama, tafadhali," akasema Mbuthia. Lakini hakusogea. Naye alikuwa bado anauona ule weupe wa jicho.

Habari ilitembea ndani ya ukungu upesi kuliko ng'ombe. Mmoja alisema Nyakio amezabwa kofi na pepo wa alfajiri. Mwingine akasema ni ule upepo wa baridi. Huko langoni Ogutu hakufanya mzaha tena. Alisema polepole, "Ni vile vichwa. Amevichoma miaka mingi. Sasa vimemjia."

Kabla ya saa sita, kina mama wa maombi walikuwa wamejaa nyumbani kwa Nyakio. Kiongozi wao alikuwa Mama Peres, mwanamke mwema mwenye sauti nene. Alimshika Nyakio mkono kwa upole.

"Binti yangu, usiogope. Tutakupeleka chumba cha maombi. Utakaa humo bila chakula, bila dawa, mpaka neno litoke. Likitoka, utakuwa umefunguliwa."

"Siku ngapi?" Mbuthia akauliza.

"Hizo siku zinajulikana na Mungu."

Nyakio alitaka kukataa. Lakini kila alipofungua kinywa maneno yalitoka yamepinda, na wale kina mama wakatazamana. Jicho lake la kulia lilikuwa limekauka, likamuuma kama limetiwa mchanga. Akafikiria Ciru aliyefunikwa kwa shali. Labda ni kweli, alijiambia. Labda kuna mtu mwingine ndani yangu. Akaanza kufunga nguo zake kwenye leso.

Hapo ndipo Nakhumicha alipoingia. Alikuwa muuguzi katika zahanati ya mtaani, na nyumba yake ilipakana na ya Nyakio. Alikuwa ametoka zamu, viatu vyeupe bado viko miguuni.

"Hodi hapa. Naona viatu vingi mlangoni, nikadhani ni harusi ama ni matanga. Mama Ciru, kuna nini?"

"Usimkaribie," akasema Cucu Wanjiru. "Hawezi kutaja jina la Bwana."

Nakhumicha hakucheka. Alivuta kigoda, akaketi mbele ya Nyakio, akamtazama uso mzima, juu mpaka chini.

"Mama Ciru, tusemezane mimi na wewe. Sema Yesu."

Kina mama wakasogea karibu.

"Yesu," akasema Nyakio. Likatoka safi.

"Sema tena."

"Yesu. Yesu."

Nakhumicha akaendelea kama mtu anayenunua mboga.

"Sawa. Sasa sema pilipili."

"Hilihili."

"Sema boga."

"Hoga."

"Sema ubuyu. Sema baba. Sema pombe."

"Uhuyu. Haha. Hon-he."

Mwanamke mmoja nyuma akaangua kicheko, akajifunika mdomo. Nakhumicha akageuka.

"Sasa niambieni, kina mama. Huyo pepo haogopi jina la Yesu, lakini anaogopa pilipili? Anaogopa boga? Hata pombe anaiogopa! Basi huyo ni pepo aliyeokoka."

Wote wakacheka, hata Mbuthia. Cucu Wanjiru peke yake hakucheka.

"Kwa nini basi jina la mtoto linatoka?" akauliza.

"Cucu, hebu taja neno Bwana polepole. Sikiliza midomo yako inafanya nini."

"Bwa-na." Cucu akajigusa mdomo.

"Imekutana, si ndiyo? B inataka midomo miwili ikutane na ikaze. P ni hivyo hivyo. M pia. Sasa sema Ciru."

"Ciru."

"Midomo haikukutana. Ulimi ndio umefanya kazi. Mama Ciru amelegea nusu ya mdomo. Haukutani. Si kwamba hataki kulitaja jina. Mdomo ndio umemwangusha."

Nakhumicha akasimama, na sasa sauti yake ilikuwa na haraka.

"Maombi sikatazi. Mimi mwenyewe naomba. Lakini tutaombea kwenye foleni ya hospitali. Dawa ya ugonjwa huu husaidia zaidi ikianza mapema, ndani ya siku tatu. Tena sijui bado kama ni huo tu. Uso ukipinda ghafla, huenda ni kiharusi, na kiharusi hakingoji hata saa moja. Na jicho hilo likiachwa wazi litakauka, litapata kidonda. Mkimfungia chumbani, mtamtoa akiwa kipofu wa jicho moja. Mbuthia, vaa kiatu cha pili."

Nyakio, Mbuthia na Nakhumicha walishuka mjini mchana huo. Kutoka kituoni walipita kwenye maduka ya Moi Avenue, na kila dirisha lilimrudishia Nyakio yule mwanamke. Dirisha la viatu, mwanamke nusu uso. Dirisha la saa, mwanamke nusu uso, na saa zote zinapiga nyuma yake. Mwanamke huyo alimfuata duka baada ya duka bila kupepesa jicho. Nyakio akajifunika kwa leso, akashika mkono wa mumewe.

Katika hospitali kubwa ya mjini walimkuta Daktari Obuya, mwanamke mfupi mwenye miwani shingoni. Alimsikiliza Nakhumicha, kisha akamgeukia Nyakio.

"Inua mikono yote miwili. Vizuri. Nibane vidole. Vizuri sana. Tembea mpaka mlangoni, urudi." Akamsogelea. "Sasa kunja uso, kama umekasirika."

Nyakio akamkumbuka Ciru na uji wake. Akakunja uso. Upande wa kushoto wa paji ukafanya mistari. Wa kulia ukabaki laini kama yai.

"Umeona hapo?" Daktari akamwambia Mbuthia. "Mara nyingi kiharusi hulegeza sehemu ya chini ya uso, na paji la uso bado linakunjika. Tena mara nyingi mkono au mguu unalegea, au mtu anachanganyikiwa. Kwake, nusu nzima imelala, kutoka paji mpaka kidevu, na mikono ina nguvu. Lakini msije mkajipima wenyewe nyumbani. Uso ukipinda, mnakimbia hospitali. Sisi ndio tutatofautisha."

Alimulika ndani ya masikio yake na taa ndogo. Alitafuta usaha, na malengelenge ya mkanda wa jeshi. Alimpima presha na sukari. Alimwuliza kama ana mimba, kama aliumia kichwa, kama uso ulilegea ghafla au kidogo kidogo kwa miezi. Akamshauri pia apimwe virusi vya ukimwi, naye akakubali.

"Mambo hayo yote yanaweza kulegeza uso," akaeleza. "Hata uvimbe kichwani unaweza. Ndiyo maana nimeuliza sana. Kwako sijaona hata moja. Huu ni ule ambao chanzo chake hatukijui kwa hakika. Tunadhani ni virusi, pengine vile vinavyoleta vidonda vya mdomo wakati wa homa. Mshipa wa fahamu unaoendesha uso hupita nyuma ya sikio, ndani ya mfereji mwembamba wa mfupa. Ukivimba humo hauna pa kupanukia. Unabanwa. Ujumbe haufiki."

"Na u-eho?" Nyakio akauliza. Alikuwa na maana ya upepo.

"Watu wengi husema upepo au baridi. Hatujathibitisha. Na pepo, hatujamwona."

Nyakio akasogea mbele. Kulikuwa na jambo lililomtisha kuliko yote, na hakuwa amemwambia mtu. Polepole, akirudia maneno yalipopotea, alisimulia habari ya ng'ombe aliyelia ndani ya kichwa, na supu yenye ladha ya bati.

Daktari akatabasamu. "Mshipa huo huo una vijitawi. Kimoja hupunguza makali ya sauti sikioni. Kimelala, ndiyo maana sauti inakuingia yote. Kingine huleta ladha ya upande mmoja wa ulimi."

"Na jicho?" akauliza Mbuthia kwa aibu. "Linageuka jeupe."

"Lako pia linageuka, bwana. Watu wengi wakifunga macho, mboni hupanda juu. Ukope wako unaificha, ndiyo maana hujawahi kuiona. Ukope wa mkeo umeshindwa kufunga dirisha, ukaona yaliyomo ndani."

Kwa mara ya kwanza tangu Jumanne, Nyakio alijisikia yuko peke yake ndani ya mwili wake.

Alipewa vidonge vya kupunguza uvimbe wa mshipa, na akaambiwa asiache katikati. Mchana, matone ya machozi ya bandia. Usiku, mafuta ya jicho, kisha ukope ufungwe taratibu kwa plasta laini. Akitoka nje avae miwani, hasa kwenye moshi wa makaa. Jicho likiwa jekundu, likiuma au likiona ukungu, arudi upesi. Na chakula atafune upande mzima, asije akauma shavu.

"Nitahona?" akauliza Nyakio.

"Wengi hupona. Mwendo ni wa wiki, wengine miezi. Wachache hubaki na alama kidogo. Usikate tamaa, na usikubali mtu akuchanje uso au akupake dawa ya kuchoma."

Cucu Wanjiru alisikia yote hayo kutoka kwa mwanawe. Aliuliza maswali mengi. Lakini Ciru hakumrudisha.

"Nilisema nikilisikia neno," akajibu. "Mimi si mtu wa kubadilisha maneno."

Nyakio alirudi kibandani akiwa amevaa miwani myeusi katikati ya ukungu. Ogutu alimtazama, akakuna kichwa.

"Mama Ciru, umekuwa msanii siku hizi?"

Nyakio akamsukumia kisahani cha chumvi ili ajiwekee mwenyewe. Ogutu akacheka, akaomba bakuli la pili. Mambo ya vichwa hakuyataja tena.

Vidonge viliisha, na uso ulikuwa bado umelala. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo pale hospitalini alimfundisha kukanda shavu kwa vidole, polepole, na kujaribu mwendo mmoja mmoja mbele ya kioo bila kulazimisha. Kunusa kama sungura. Kutabasamu kidogo. Kukaza midomo kama anayepuliza. Nyakio alikinyanyua kioo kutoka msumarini, akakiweka dirishani penye mwanga. Kila asubuhi alikaa hapo. Nusu ya mwanamke kiooni ilimtii. Nusu ilimtazama tu.

Asubuhi moja aliinua macho, akaona uso mwingine nje ya dirisha. Ulikuwa mdogo, umekandamizwa kwenye kioo cha dirisha mpaka pua ikawa bapa. Nyakio akashtuka, kisha akamtambua. Ciru alikuwa ametoroka kwa Cucu.

Nyakio hakumwita. Aliogopa atamkimbiza. Akanusa kama sungura. Nje, pua ndogo ikanusa kama sungura. Nyakio akatabasamu nusu. Nje, mtoto akavuta mdomo upande mmoja tu, akiiga. Halafu akacheka. Cucu akamwita kwa ukali, naye akakimbia.

Kesho yake alirudi, na siku zilizofuata pia. Ukawa mchezo wao. Ciru ndiye aliyeuona mwanzo wa kupona, kabla ya kioo na kabla ya Mbuthia. Alipiga dirisha kwa kiganja, akaonyesha kidole kwenye shavu la kulia la mama yake.

"Limeruka! Mami, limeruka kama samaki!"

Ukungu wa Julai ulikuwa umekwisha, na jua la asubuhi lilifika mlangoni, siku Cucu Wanjiru alipokuja bila kubisha. Mkono mmoja alimshika Ciru, aliyefungwa ile shali. Mkono mwingine alibeba kikombe cha uji kinachofuka moshi. Macho yake hayakumtazama Nyakio.

"Huyu mtoto amenishinda," akasema. "Kwangu hanywi. Ati mimi napuliza vibaya."

Ciru akachukua kikombe kwa mikono miwili. Akakitembeza polepole, ulimi nje kwa uangalifu, mpaka kwenye magoti ya mama yake.

"Puliza, mami."

Nyakio akavua miwani. Akakaza midomo. Kona ya kulia ilichelewa kidogo, kama mtu mwenye usingizi, kisha ikafuata mwenzake. Pumzi ikatoka nyembamba na iliyonyooka. Ngozi ya uji ikatetemeka. Ikajivuta. Ikajikunja mikunjo mingi.

"Umekunja uso!" Ciru akapiga kelele. "Cucu, njoo uone! Uji umekunja uso!"

Cucu Wanjiru alifungua kinywa ili atoe salamu yake ya kila asubuhi, ile ambayo hakuwa ameitoa katika nyumba hiyo tangu siku ile. Midomo yake ikatetemeka. Ilikutana, ikaachana, ikakutana tena. Neno halikutoka.

Nyakio alimngoja. Alipoona limekwama kabisa, akamsaidia.

"Bwana asifiwe, mama," akasema.

"Amina," akajibu Cucu Wanjiru, akaketi kitandani, akamfungua mtoto shali.